Viashiria vya saratani ya puru yenye seli za pete
Viashiria vya saratani ni dutu, nyingi zikiwa protini, zinazotolewa na uvimbe au na mwili unaoukabili, na ambazo huweza kupimwa katika damu. Katika saratani ya puru yenye seli za pete, aina adimu na kali ya saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, zaidi ya nusu ya seli za uvimbe hujaa ute unaosukuma kiini cha seli hadi ukingoni, hata chini ya hadubini seli ikafanana na pete yenye muhuri. Kiashiria kikuu ni CEA, kilichoelezwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman mjini Montreal, Kanada. Kwa wasiovuta sigara, kiwango chake kwa kawaida hakizidi takriban nanogramu 5 kwa mililita. Hata hivyo, na hili ni muhimu mno, kiwango hicho hakithibitishi kuwa mtu hana saratani, kwa kuwa baadhi ya uvimbe hutoa CEA kidogo sana. Kiashiria kingine, CA 19-9, nacho hupimwa, ingawa watu wasio na antijeni ya Lewis, yaani alama ya mojawapo ya mifumo ya makundi ya damu, hawakitoi. Kwa sababu hiyo ugonjwa huthibitishwa kwa kuchunguza kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, ilhali CEA hufaa zaidi katika ufuatiliaji baada ya upasuaji, ambapo kupanda kwake huweza kutangulia dalili za kurudi kwa ugonjwa.