Alama za viwanda kwenye sarafu za Kilimanjaro

Alama ya kiwanda ni herufi au ishara ndogo inayoonyesha mahali sarafu ilipopigwa. Sarafu za fedha zilizotumika Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro zilipigwa ng'ambo, na herufi hizo husaidia kujua zilikotoka.

Rupia ya Kijerumani

Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilitoa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma. Ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na fedha safi sehemu 917 kwa 1,000, nayo iligawanywa katika hela 100. Herufi A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Rupia za 1905 na 1913 zilipigwa katika miji yote miwili, kwa hiyo mkusanyaji huzihesabu kuwa aina mbili kwa kila mwaka. Hizi ndizo rupia zilizokuwa mikononi mwa watu reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911.

Herufi T ya Tabora

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokata njia za bahari, Wajerumani walipiga sarafu wenyewe mjini Tabora. Kwa shaba na shaba nyeupe walitengeneza hela 5 na 20, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga zaidi ya vipande 16,000 vya rupia 15. Upande mmoja wa rupia hiyo una tai; wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima inayotambuliwa kuwa Kilimanjaro, na chini yake mwaka 1916 na herufi T. Wakati huo Moshi ilikuwa tayari imetwaliwa na Waingereza, Machi 1916. Tabora nayo ilianguka Septemba.

Shilingi ya Afrika Mashariki

Shilingi yenye simba ilianza kutolewa mwaka 1921. Ndiyo iliyokuwapo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha KNPA mwaka 1925 na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Zisizo na herufi zilipigwa London. H ni kampuni ya Heaton ya Birmingham, na KN ni King's Norton, pia ya Birmingham. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kazi iligawiwa pia Bombay (I) na Pretoria (SA), hivyo shilingi za 1942 zina H au I, na za 1944 H au SA.

Alama na madini

Herufi hutaja kiwanda tu, haithibitishi madini. Hadi 1946 shilingi ilikuwa na robo ya fedha. Kuanzia 1948 ikawa ya shaba na nikeli. Kwa hiyo shilingi ya 1942 na ya 1949, zote zenye H, zimetoka kiwanda kimoja, lakini ya kwanza pekee ndiyo yenye fedha. Anayenunua husoma mwaka pamoja na herufi.