Ithibati na Ufundi: Mwandishi wa Kiswahili na Njia ya Uchapishaji, 1930–1971

Historia ya uchapishaji wa Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kama historia ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyozihudumia Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Swali lisiloulizwa vya kutosha ni hili: mtu aliyekuwa na mswada mkononi katika miaka hiyo alihitaji kujifunza nini ili uchapishwe?

Kwa kitabu kilichokusudiwa shule, jibu la kwanza lilikuwa jepesi: kuandika kwa namna ambayo Kamati ingeiridhia. Mswada ulikaguliwa tahajia, sarufi na msamiati, na uliokubalika ukapewa ithibati. Katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Mzawa wa lugha alisahihishwa na mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani. Hilo limeshasemwa na wengi, nami silikanushi. Ninalotaka kulitazama ni athari yake kwa ufundi. Ukaguzi wa aina hiyo huona upatanisho wa ngeli uliokosewa. Hauoni sura iliyowekwa mahali pasipostahili, wala mhusika asiye na sababu ya kutenda analolitenda. Mwandishi aliyerudishiwa kazi yake alijua neno la kubadili. Kwa nini hadithi ilichosha, hakuambiwa. (Tathmini nyingi za makala za kitaaluma tunazoandikiana leo zina sura hiyohiyo: kurasa mbili za alama za uakifishi, na hoja haikuguswa.)

Hata Shaaban Robert, ambaye mashairi yake yalitoka katika gazeti la Mambo Leo, alilazimika kubisha hodi katika milango mingi. Pambo la Lugha ilichapishwa Johannesburg na Witwatersrand University Press, ilhali Kufikirika na Utubora Mkulima zilitoka baada ya kifo chake cha 1962. Ubora wa lugha yake haukuwa na shaka. Kwa hiyo ubora wa lugha, peke yake, haukuwa ufunguo wa kila mlango.

Mabadiliko yanaonekana baada ya kuanzishwa kwa East African Literature Bureau mwaka 1948, hususan katika shindano lake la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58. Mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa 1960. Abdulla hakuingia shindanoni mikono mitupu. Alikuwa amefanya kazi ya uhariri wa magazeti, kazi inayomfundisha mtu kukata maneno na kumshika msomaji tangu aya ya kwanza. Wahakiki wameona pia katika Bwana Msa na mwenzake Najum kivuli cha Holmes na Watson wa Conan Doyle. Wapo waliolitaja jambo hilo kama dosari. Kwangu ni ushahidi wa mwanafunzi mwema wa umbo: alichota mpango wa taharuki, yaani namna ya kumficha msomaji jambo bila kumdanganya, akautia ndani ya Unguja yenye mizimu, nasaba na mirathi yake. Hakuna kamati ya tahajia ingeweza kumfundisha hayo, ingawa Kiswahili chake nacho ni cha kuonewa fahari.

Shindano, basi, lilimtaka mwandishi ashindane kwa hadithi. Tofauti hiyo ilizaa matunda kwa kasi: Abdulla mwenyewe aliendelea na mfululizo wa Bwana Msa, na wengine wakafuata njia ya riwaya ya upelelezi, akiwemo Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya 1965. Kufikia 1971, Bureau ilipochapisha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kibali cha shule na uamuzi wa kuchapisha vilikuwa vimetengana kabisa. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, na wasomaji wakaendelea kuitafuta.