Waliokimbia hawajaitwa, waliowakimbiza walipokelewa

KATOTO (KAMINA) – Katika Haut-Lomami, jina la Gédéon Kyungu Mutanga halihitaji maelezo. Watoto waliozaliwa njiani mwaka 2005, wakati wazazi wao walikuwa wanakimbia Mitwaba na kando ya ziwa Upemba, leo ni vijana wa miaka ishirini, na wengine wana watoto wao. Familia nyingi za wakati ule hazikupata kusimama mbele ya hakimu hata siku moja kusema nani alikufa, nyumba gani ilichomwa, ngapi ya mbuzi ilichukuliwa. Lakini mtu aliyewakimbiza alisikilizwa mara nyingi: na wanajeshi, na maguvernera, na wajumbe waliotumwa kuzungumza naye porini.

Lakini mambo haya hayakuanza na Gédéon. Kwa mji wa reli kama Kamina, yalianza na treni.

Mwaka 1992, Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa guvernera wa Katanga (wakati ule iliitwa Shaba) na mkubwa wa chama cha UFERI katika jimbo. Jina lisichanganye watu: yeye na Gédéon ni watu wawili mbalimbali. Katika mikutano, watu wenye asili ya Kasai waliitwa «bilulu», maana yake wadudu, na waliambiwa warudi kwao. Mwezi wa nane mwaka ule, Mkutano Mkuu wa Kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Fujo ikalipuka Lubumbashi, ikafika Likasi, na mwaka 1993 ikafika Kolwezi. Wafanyakazi wa Gécamines, walimu, wauguzi, watu waliozaliwa Katanga na ambao Kasai hawakuijua, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye vituo vya treni majuma na miezi, bila choo, bila maji safi, wakingoja nafasi. Wengi walikufa palepale kituoni, wengine ndani ya mabehewa. Njia ya kwenda Kasai kwa reli ni moja: inapita Kamina.

Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo katika ripoti yake kubwa juu ya Kongo iliyotoka tarehe 1 mwezi wa kumi 2010, ile iliyohesabu matukio 617 ya mauaji na mateso mabaya kati ya 1993 na 2003. Hakuna korti ya Kongo iliyomhukumu guvernera yule juu ya kufukuzwa kwa watu. Baadaye alikuwa mkubwa wa bunge la jimbo. Na mwezi wa sita 2019 rais Félix Tshisekedi, mtoto wa yule waziri mkuu wa 1992, alimtaja kuwa mwenyekiti wa baraza la usimamizi la SNCC, shirika la reli lilelile. Kwa wanasiasa huo ulikuwa upatanisho. Walikuwa wamekwisha kusimama pamoja katika upinzani mbele ya Joseph Kabila. Kyungu alikufa mwezi wa nane 2021 akiwa na cheo kile. Upatanisho si jambo baya. Lakini waliolala kwenye vituo hawakuulizwa kama wao pia wamepatana.

Bunduki zilikuja nyuma ya treni. Vita vya 1998 vilipoanza, waasi wa RCD na askari wa Rwanda waliingia mpaka kaskazini mwa Katanga. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilikosa askari wa kutosha, ikagawa silaha kwa vijana wa vijiji ili walinde nchi. Hao ndio Mayi-Mayi. Kwa wakati ule watu wengi waliwaona kuwa watoto wao, na ni kweli kwamba walipigana. Shida ilikuja amani ilipowekwa sahihi, mwaka 2002 na 2003. Wakubwa walikwenda Kinshasa kugawana vyeo. Bunduki zikabaki vijijini na vijana waliokuwa hawana mshahara, hawana shamba, na hawana wa kuwaambia warudishe.

Kikundi cha Gédéon kiligeukia raia. Kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo watu wamelipa jina la «pembe tatu ya kifo», vijiji vilichomwa, wanawake walishikwa kwa nguvu, watoto walibebeshwa silaha. Mtu aliyeshukiwa kuongea na askari wa serikali aliuawa mbele ya wenzake. Na aliyeshukiwa kuwapa Mayi-Mayi chakula aliuawa na askari. Mwezi wa kumi na moja 2005 jeshi la FARDC lilipoanza operesheni, raia walijikuta katikati, maana askari wale pia walipora na kuchoma. Kufika kati ya 2006, watu zaidi ya 150.000 walikuwa wametoka kwao. Wengine walikimbilia ziwa Upemba, wakaishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, juu ya maji, pamoja na mbu na kipindupindu. Madaktari wa MSF waliwafikia huko kwa mtumbwi.

Tarehe 12 mwezi wa tano 2006, Gédéon alijitoa kwa askari wa MONUC mjini Mitwaba. Pamoja naye walikuwa wapiganaji karibu 150, na wengi wao walikuwa watoto. Hapa ndipo historia ingeweza kugeuka. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja mpaka kesi ianze, mwezi wa nane 2007, huko Kipushi. Lakini ilianza. Wahanga walikwenda, mashahidi walisema, maavoka walisimama. Tarehe 5 mwezi wa tatu 2009, korti ya kijeshi ilimhukumu Gédéon adhabu ya kifo, pamoja na makosa ya uhalifu dhidi ya utu, uasi na ugaidi. Kwa Kongo hilo lilikuwa jambo kubwa. Kiongozi wa kikundi, ndani ya nchi yake, mbele ya mahakimu wa nchi yake, akiwa amefungwa.

Walioketi kwenye kiti cha washitakiwa, lakini, walikuwa Mayi-Mayi. Hakuna mkubwa wa serikali wala wa jeshi aliyekuja kujibu juu ya silaha zilizogawanywa. Kuna sababu ya kisheria inayosaidia hali hiyo: katika korti za kijeshi za Kongo, hakimu hawezi kumhukumu mtu mwenye cheo kinachopita chake. Kadiri nyota za begani zinavyoongezeka, ndivyo mahakimu wanavyopungua. Na korti hizo zinapoamua kwamba serikali iwalipe wahanga, malipo hayo karibu hayafiki kamwe. Karatasi ya hukumu inabaki karatasi.

Palepale karibu na Mitwaba, watu wa Kilwa walikuwa wamekwisha kuona hali hiyo. Mwezi wa kumi 2004 askari waliua raia zaidi ya 70 katika mji ule mdogo kando ya ziwa Moero, wakitumia magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining. Mwezi wa sita 2007 korti ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa juu ya mauaji hayo, pamoja na wafanyakazi wa kampuni. Ilibidi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu itoe uamuzi wake, uliotangazwa 2017: serikali ya Kongo ina kosa, iwalipe wahanga wanane dola milioni 2,5 na ifungue kesi upya.

Gédéon naye hakukaa sana. Tarehe 7 mwezi wa tisa 2011, mchana, watu wenye silaha waliofunika uso walivamia gereza la Kasapa mjini Lubumbashi. Wafungwa zaidi ya 900 walitoka, na yeye kati yao. Serikali ilitangaza dola 100.000 kwa atakayemshika. Mtu wa Mitwaba aliyekuwa ametoa ushahidi Kipushi aliweza kufanya hesabu yake mwenyewe: jina lake limo ndani ya karatasi za kesi, na aliyemshitaki yuko porini tena, huru, na bunduki.

Kikundi kilirudi na jina jipya, Bakata Katanga, kikisema kinataka Katanga ijitenge. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013 mamia ya wapiganaji, wengine na pinde na mishale tu, waliingia Lubumbashi wakiwa na bendera ya Katanga ya wakati wa Tshombe. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile. Zaidi ya 200 walikimbilia ndani ya kambi ya MONUSCO, wakajitoa. Upande wa kaskazini vijiji vilichomwa tena. Hesabu ya wakimbizi wa ndani katika Katanga, ambayo mwanzoni mwa 2012 ilikuwa karibu 50.000, ilifika karibu 400.000 mwishoni mwa 2013.

Mwanzoni mwa 2014 bunge lilipitisha sheria ya msamaha. Watu wengi wanaamini kwamba sheria ile ndiyo iliyomwosha Gédéon. Sivyo. Inasamehe uasi na makosa ya siasa. Uhalifu wa vita na uhalifu dhidi ya utu umeachwa nje, wazi kabisa. Kwa hiyo kilichofuata hakikuwa na mlango wa kisheria.

Tarehe 11 mwezi wa kumi 2016, kijijini Malambwe, teritware ya Mitwaba, Gédéon alitoka porini na wapiganaji wapata mia. Aliyehukumiwa kufa alipokelewa kwa sherehe na viongozi wa jimbo jipya la Haut-Katanga. Hakupelekwa Kasapa. Alipewa nyumba Lubumbashi, na walinzi. Ilikuwa miezi miwili kabla ya muhula wa rais Kabila kwisha, uchaguzi ulikuwa umeahirishwa, na kila mwenye watu wenye silaha alikuwa na bei. Tarehe 1 mwezi wa pili 2018, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimweka kwenye orodha ya vikwazo: asisafiri, mali yake ifungwe. Lubumbashi aliendelea kuishi.

Wadogo hawakupewa nyumba. Katika miaka ileile, wapiganaji waliotupa silaha mashariki waliletwa na wake na watoto wao kwenye kambi tatu: Kitona, Kotakoli, na kambi ya kijeshi ya hapa Kamina. Huko Kotakoli, Equateur, zaidi ya watu 100 walikufa njaa na magonjwa kufika 2014, wakiwemo wanawake na watoto, wakingoja chakula ambacho serikali iliahidi. Kuhusu ni nani alipaswa kupeleka chakula kile na kwa nini hakikufika, hakuna mkubwa aliyehukumiwa.

Tarehe 28 mwezi wa tatu 2020, wakati nchi ilikuwa inajifungia kwa sababu ya korona, watu wa Gédéon waliingia Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa. Polisi walipokwenda kwenye nyumba yake, hayumo. Hivyo alitoka mikononi mwa serikali mara ya pili, na safari hii hakukuwa hata na ukuta wa gereza wa kuvunja.

Kuna mambo yaliyobadilika. Tangu mwisho wa 2022 kuna sheria ya kuwalipa wahanga, na mfuko wake unaitwa FONAREV, unaolishwa na sehemu ya pesa za madini. Sheria hiyo inagusa wahanga wa ubakaji wa vita na wa uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu; familia za pembe tatu ya kifo zinaingia humo. Kuna pia mfuko wa pili, FRIVAO, wa pesa ambazo Uganda ililazimishwa na Korti ya Kimataifa ya Haki, mwaka 2022, kulipa juu ya vita vya Kisangani na Ituri: dola milioni 325, kidogo kidogo kila mwaka.

Lakini mfuko wa wahanga nao una wanaouchungulia. Tarehe 2 mwezi wa tisa 2025, Korti ya Kasasyo ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kugeuza dola milioni 19 zilizotoka katika FRIVAO, eti kwa kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana. Waziri wa sheria, pesa za wahanga, na gereza: mtu angetunga hadithi hiyo, watu wangesema amezidisha. Hata hivyo waziri alisimama mbele ya mahakimu, jambo ambalo Kipushi halikuonekana kwa mkubwa yeyote.

Kwa familia zilizokimbia, swali la sasa ni la karatasi. Ili mfuko umtambue mhanga, ni lazima aorodheshwe: jina, kijiji, mwaka, kilichotokea. Kesi ya Gédéon ilisikilizwa Kipushi. Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 600 kwa reli, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Mitwaba iko jimbo moja, Malemba-Nkulu na Kamina jimbo lingine, Manono la tatu. Wazee walioshuhudia wanakufa. Wengine hawakumwambia mtu hata jambo moja, kwa kuogopa yule aliyetoka mara mbili.

Hukumu ya tarehe 5 mwezi wa tatu 2009 haikuguswa na msamaha wa 2014. Kongo iliingia katika Mkataba wa Roma mwaka 2002, na kwa mkataba ule uhalifu dhidi ya utu hauzeeki.