Mazoezi ya mwili katika shinikizo la juu la damu na kisukari

Mazoezi ya mwili katika shinikizo la juu la damu na kisukari ni sehemu ya tiba ya maradhi hayo mawili, pamoja na lishe na dawa. Kwa wanaume na kwa wanawake, shughuli kama kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kuogelea, kulima au kunyanyua uzito hupunguza shinikizo ndani ya ateri na kuiwezesha misuli kutumia sukari iliyomo katika damu. Faida hizo hupotea mtu anapoacha mazoezi, kwa hiyo kinachohitajika ni kuyarudia wiki hadi wiki.

Kwa kawaida shinikizo la juu la damu (kwa lugha ya mtaani: presha) hutambuliwa vipimo vinapokuwa milimita 140 kwa 90 za zebaki au zaidi katika siku tofauti. Watu wengi wenye kisukari cha aina ya 2 wana presha pia, kwa kuwa unene wa tumbo, umri na kutojishughulisha huchangia maradhi yote mawili. Yanapokutana katika mwili mmoja huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kushindwa kwa figo na upofu.

Historia

Kabla ya karne ya 20 waganga waliwashauri baadhi ya wagonjwa wa kisukari wafanye kazi za mikono, ila sababu ya nafuu yao haikujulikana. Baada ya insulini kugunduliwa mwaka 1921, daktari R. D. Lawrence wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, alionyesha mwaka 1926 kwamba mazoezi huongeza nguvu ya insulini ya kushusha sukari. Nchini Marekani, Elliott P. Joslin aliyahesabu mazoezi kuwa moja kati ya nguzo tatu za tiba, pamoja na lishe na insulini.

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye viti.

Mwaka 1986 ulianza utafiti katika mji wa Da Qing, China, kwa watu wazima 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Baada ya miaka 6, asilimia 67.7 ya wale ambao hawakupewa mpango maalumu walikuwa wamepata kisukari, lakini katika kundi la mazoezi walikuwa asilimia 41.1. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234. Lishe, kupunguza uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki vilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini iliipunguza kwa asilimia 31. Matokeo yalifanana kwa wanaume na wanawake.

Jinsi yanavyofanya kazi

Wakati wa mazoezi moyo hupiga haraka na namba ya juu ya presha (sistoli) hupanda. Baada ya mazoezi mishipa ya damu hubaki imetanuka, na presha huweza kuwa chini ya kawaida ya mtu huyo kwa saa kadhaa, pengine hadi siku nzima. Mazoezi yakirudiwa kwa wiki nyingi, ukuta wa ndani wa ateri hutoa zaidi oksidi ya nitriki, ambayo huilegeza mishipa, na neva zinazoibana hutulia. Kwa wenye presha, mazoezi ya aerobiki ya mara kwa mara hushusha sistoli kwa takriban milimita 5 hadi 8.

Katika kisukari cha aina ya 2, seli haziitikii insulini ipasavyo. Msuli unapojikunja, protini iitwayo GLUT4 husogea hadi kwenye utando wa seli na kuingiza sukari ndani hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Baada ya hapo misuli huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa muda wa siku moja hadi tatu. Ndiyo maana wagonjwa hushauriwa zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Matembezi mafupi baada ya mlo pia hupunguza kupanda kwa sukari kunakofuata chakula.

Aina na kiasi

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwa watu wazima, wakiwemo wenye presha na kisukari cha aina ya 2, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mazoezi ni ya wastani ikiwa mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kazi za shambani, za nyumbani na safari za miguu huhesabiwa pia.

Mazoezi ya nguvu, kama pushapu au kunyanyua uzito, hupendekezwa siku mbili au zaidi kwa wiki, kwa kuwa misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari. Mazoezi ya isometriki, yaani kukaza misuli bila kusogea, kwa mfano kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, yameonyeshwa pia kushusha presha.

Wanaume na wanawake

Njia ambazo mazoezi huleta nafuu ni zilezile kwa jinsia zote, lakini mazingira ya ugonjwa hutofautiana. Katika ujana wanaume wengi zaidi wana presha. Baada ya ukomo wa hedhi presha ya wanawake hupanda na tofauti hiyo hutoweka. Kisukari nacho huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa wanawake kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wanaume.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 400,000 wa Marekani kwa ujumla, si wagonjwa pekee, ulikuta kwamba wanaume walipata faida yao ya juu kabisa ya kupunguza hatari ya kifo kwa dakika 300 hivi za mazoezi kwa wiki. Wanawake walifikia faida hiyohiyo kwa dakika 140.

Kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu, mazoezi ya wastani hupunguza uwezekano wa kisukari cha mimba. Mwenye dalili za kifafa cha mimba hupaswa kufuata maagizo ya daktari. Kwa wanaume, presha na kisukari ni sababu za kawaida za upungufu wa nguvu za kiume, na mazoezi ya aerobiki huweza kupunguza tatizo hilo kwa kuboresha mtiririko wa damu.

Tahadhari

Mwenye presha hushauriwa kuahirisha mazoezi ikiwa kipimo akiwa ametulia kimezidi 180 kwa 110. Anayenyanyua uzito hatakiwi kubana pumzi, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Kupunguza kasi polepole mwishoni huzuia kizunguzungu.

Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wanaweza kushukiwa na sukari wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, hata usiku wakiwa usingizini. Anayetumia dawa hizo na sukari yake iko chini ya miligramu 90 kwa desilita hula kitu cha wanga kabla ya kuanza. Dawa za presha za kundi la vizuizi vya beta, kama propranololi, huficha mapigo ya moyo ya haraka na kutetemeka, ambavyo ni dalili za sukari kushuka; kutokwa jasho hubaki kuwa ishara. Sukari ikizidi 250 na ketoni zikionekana, mazoezi huahirishwa.

Mwenye ganzi miguuni huvaa viatu vinavyomtosha na kukagua nyayo kila siku, kwa kuwa huenda asihisi kidonda. Aliyeharibika retina huepuka mazoezi makali mpaka apimwe macho. Katika mwezi wa Ramadhani, mazoezi makali mchana huongeza hatari ya kupungukiwa maji na sukari. Sala ya tarawehe huhesabiwa kuwa sehemu ya mazoezi ya siku.

Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni sababu ya kusimama mara moja na kutafuta matibabu. Vipimo vikishuka kwa sababu ya mazoezi, daktari anaweza kupunguza dozi, lakini mgonjwa haachi dawa kwa uamuzi wake, kwa kuwa presha huweza kupanda tena bila dalili yoyote.

Afrika Mashariki

Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walichunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Walitumia kwa wastani takriban dakika 135 kwa siku katika shughuli za wastani au kali, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache kati yao. Mijini, kazi za kukaa na usafiri wa daladala, matatu na bodaboda vimepunguza mwendo wa miguu uliokuwa sehemu ya maisha ya kila siku.