Wapita Njia na Wenye Kisima

Ubishi huu ulianzia kijiweni kwetu Nkuhungu, jioni moja umeme ulipokatika. Vijana wa pale tukikosa la kufanya tunabishania mpira, na mpira ukiisha tunabishania vitabu, maana wawili watatu kati yetu tuna ugonjwa wa kusoma. Mmoja akasema hajazaliwa wa kumfikia Elvis Musiba. Mwingine akamcheka, akasema Musiba ni wa watoto, mwanaume ni Kezilahabi. Mimi nikamtetea Shaaban Robert kama kawaida yangu. Ndipo fundi baiskeli wetu, mtu mzima ambaye siku zote tulidhani hana habari na sisi, akauliza bila kuinua kichwa: "Haya wajukuu, na sisi watu wa huku tumo katika kitabu gani?"

Kimya. Hakuna aliyejibu, hata mimi mwenye kujiita mwandishi.

Usiku ule nikavipanga vitabu vyangu mkekani. Si vingi, vinaenea katika ndoo ya lita ishirini, na nusu yake nimenunua kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na soko la Majengo. Nikawa nakiuliza kila kimoja swali la fundi.

Nilianza na Musiba ili nimalizane naye. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974. Nilikisoma usiku mmoja kwa mshumaa, na kesho yake nikaenda kuchota maji huku natembea kijasusi kama Willy Gamba. Je, sisi tumo? Hatumo. Willy ni mtu wa ndege, hoteli na warembo, vumbi la Dodoma lingemharibia suti. Simlaumu hata kidogo. Musiba, aliyefariki 2010, alijua kumshika msomaji shingo asimwachie, na hao wanaomdharau ningependa waandike kurasa kumi tu zinazokimbia kama zake, tuone.

Kumbe tuliomo zaidi tumo katika vitabu vya wageni. Richard Burton alipita Ugogo pamoja na Speke mwaka 1857 wakienda kwenye maziwa, akatoa kitabu chake 1860. Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, kitabu chake kikatoka 1872. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo Stanley nilimsoma taratibu, kamusi pembeni. Ugogo ameuandika kwa kirefu, lakini karibu kila anapotutaja analalamikia kitu kimoja: hongo. Kila mtemi anataka vitambaa, shanga na nyaya kabla msafara haujaruhusiwa kupita. Kwa macho ya Stanley sisi ni wanyang'anyi wa barabarani.

Sasa hebu tuitazame njia yenyewe. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulipotoka Mpwapwa uliingia kwanza Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Upande wa pili, kabla ya kufika Unyamwezi, kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Katikati ya kiu hizo mbili ndipo tulipokuwa sisi, tuna visima na tuna mtama. Aliyewahi kuishi huku anajua kisima chetu cha kiangazi kilivyo: shimo ndani ya mchanga wa korongo, maji yanajikusanya kidogokidogo, unasubiri, unakinga kata, unasubiri tena. Halafu wanatokea watu mia kadhaa na punda wao, wote wana kiu, na kesho wataondoka wakuachie tope. Usitoze? Mimi hapa Nkuhungu nalipia maji kwa ndoo, na sijaona kitabu kinachomwita mwenye bomba mnyang'anyi.

Ndiyo maana Peponi ya Abdulrazak Gurnah ilinigusa. Riwaya hiyo aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobeli 2021, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili. Humo kijana Yusuf anafuatana na msafara wa tajiri Aziz kwenda bara. Mwanzoni nilinuna, nikasema tazama, tunapitiwa tena, safari hii na watu wa pwani. Lakini msafara unapofika kwa mtawala aitwaye Chatu, mzee yule anasema. Anawakumbusha waliotangulia kufika, wakapokelewa vizuri, kisha wakawadhulumu watu wake. Chatu si Mgogo, ila maneno ya namna ile sikuyapata popote kwa Stanley. Gurnah ameandika kitabu cha msafara na bado akampa mwenyeji nafasi ya kutoa hesabu yake.

Shaaban Robert wangu nitampitia upesi, nisije nikaonekana na upendeleo. Katika miaka ya 1940 kazi ya serikali ilimleta hadi Mpwapwa, jirani yetu kabisa. Nampenda kwa Kiswahili chake, lakini naye alikuwa mtumishi wa uhamisho, na mwenye uhamisho moyo wake uko kwao. Wake ulikuwa Tanga.

Mwenyeji hasa ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa 1917 upande wa Ihumwa, akawa karani, baadaye hakimu, na washairi wanamjua kwa Diwani yake na kwa Ngonjera za UKUTA. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Nitasema ukweli wangu, wakubwa mnisamehe: ni kitabu cha hakimu. Koo zimepangwa, watawala wamepangwa, desturi zimepangwa kama mafaili kabatini. Nilitamani mahali fulani mtu akohoe au mtoto alie. Hata hivyo ni Mgogo anayeeleza Wagogo kwa kalamu yake mwenyewe, wakati bado tunatawaliwa na Mwingereza, na kwa Kiswahili ili na jirani asome. Kinachoniuma ni kwamba mimi, niliyezaliwa kilomita chache kutoka Ihumwa, nilikutana kwanza na tafsiri ya Kiingereza, ile ya Gregory Maddox ya mwaka 1995. Nilikisoma kitabu cha babu yangu kwa lugha ya Stanley, na kamusi ileile.

Huyo Maddox ni mwanahistoria, na aliandika pia habari za Mtunya. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa bibi, akilitaja kwa sauti ya chini, nikadhani ni jini. Kumbe ni njaa ya 1917 hadi 1920. Vita Kuu ilipofika huku Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia 1916 nao wakachukua. Kisha mvua ikakataa. Kwa kawaida mtu wa Ugogo akikosa mavuno huuza ng'ombe akanunua chakula kwa jirani, lakini safari hii ng'ombe walikwisha kuliwa na majeshi, na jirani naye hana kitu. Maddox anasema walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Katika kila watano, mmoja. Na Mnyampala alizaliwa mwaka huohuo njaa ilipoanza. Tangu nilijue hilo nimeacha kumcheka kwa mafaili yake. Labda aliyezaliwa katika msukosuko ule alikuwa na sababu ya kupenda vitu vipangwe.

Baada yake alikuja mwanamke wa huku kwetu, Ndyanao Balisidya, na riwaya yake Shida, mwaka 1975. Chonya anakimbilia mjini, na mji unamtafuna. Mwisho anarudi kijijini kulima, na hapo mimi na mwandishi tunagombana kidogo, kwani nasikia sauti ya siasa ya wakati ule ikimsukuma Chonya mgongoni. Lakini mwanzo wake! Dhiki ya kijijini ameiandika mtu anayeijua. Balisidya alifariki 1987. Nauliza mashuleni ni wangapi wanamsoma, wanaulizana wao kwa wao ni nani huyo.

Kezilahabi, marehemu naye tangu 2020, yumo kwa mlango wa nyuma. Gamba la Nyoka ya 1979 ni ya vijiji vya ujamaa, na yeye ni mtu wa Ukerewe, si wa huku. Lakini Operesheni Dodoma ya 1971 ilituhamisha sisi kabla nchi nzima haijahamishwa. Nilimsimulia bibi baadhi ya kurasa kwa Kiswahili chepesi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Huyo aliyeandika, alipandishwa lori la ngapi?" Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi.

Basi nikarudi kwa fundi na majibu yangu. Nikamwambia tumo kwa Stanley kama wanyang'anyi, kwa Mnyampala kama koo, kwa Balisidya kama wenye shida. Mtunya nimeikuta katika hesabu za mwanahistoria, ila riwaya yake sijaiona, na kwa hiyo nimeanza kuiandika mwenyewe. Sura mbili ziko ndani ya daftari. Nikamsomea ya kwanza: mama mmoja anawatazama askari wakifungua zizi lake.

Fundi akaacha spoku, akafuta mikono. "Huyo mama alikuwa na ng'ombe wangapi kabla askari hawajaja?"

Nikasema wengi.

"Wengi ndiyo wangapi? Mgogo hajui idadi ya ng'ombe wake? Na majina yao je? Yule aliyekamuliwa asubuhi hiyo aliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi analo, alimsikia mama yake, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule. Lakini bibi anayasimulia kwa Kigogo cha zamani, na mimi cha kwangu kinaishia kwenye mbukwenyi na kuomba ugali. Jumamosi napanda gari la Bahi. Nimeazima simu yenye kurekodi, na daftari nimenunua jipya.