Mwali wa Mzingani na Bibi wa Geneva

Sisi tunaofuga nyuki kwa kupenda tu, mzinga mmoja miwili nyuma ya nyumba, hatuachi kumtaja Marie-Aimée Lullin wa Geneva. Alipendana na François Huber, aliyezaliwa 1750 na kuanza kupofuka angali kijana. Baba mtu akaikataa ndoa. Binti hakutoroka, alingoja hadi alipotimiza miaka 25, sheria ikamruhusu, akaolewa. Subira hiyo, jamani! Akawa anamsomea na kumwandikia mumewe, na mtumishi, François Burnens, akawa macho yake mzingani.

Huber alibuni mzinga unaofunguka kama kurasa za kitabu. Zama hizo wataalamu walibishana malkia anakutana wapi na dume. Wao wakamfungia malkia mwali ndani pamoja na madume: wapi! Walipomwachia aruke nje, alirudi na dalili za kupandwa, na baada ya siku mbili hivi akaanza kutaga. Kitabu kikatoka 1792.

Ndiyo maana anayekuza malkia leo, mwali akishatoka kwenye chumba chake cha nta, hafunguifungui mzinga. Humwacha kama wiki mbili, aruke zake, aolewe, arudi.