Sampuli za Colindale na msako wa bakteria sugu

Mwaka 1960, maabara ya Colindale, kaskazini mwa London, ilikuwa ikipokea bakteria wa stafilokokasi kutoka hospitali mbalimbali za Uingereza. Methisilini, dawa mpya ya kuwakabili waliokwisha kuishinda penisilini, ndiyo kwanza ilianza kutumika. Patricia Jevons wa maabara hiyo aliijaribu kwenye sampuli zaidi ya 5,000. Tatu zilistahimili, zote za hospitali moja: mojawapo ilitoka kwenye kidonda cha mgonjwa aliyetolewa figo, nyingine kwa muuguzi. Alipotangaza matokeo hayo mapema 1961, dunia ikawajua MRSA, yaani stafilokokasi wanaostahimili methisilini.

Enzi hizo bakteria walifuatiliwa kwa msaada wa virusi vinavyowaua. Mtaalamu aliwaotesha kwenye kisahani, akadondoshea matone ya virusi vya aina mbalimbali, kisha akatazama ni wapi wamekufa. Sampuli zenye madoa yanayofanana zilihesabiwa kuwa za ukoo mmoja. Njia hiyo ilitambua ukoo, lakini haikuonyesha nani kamwambukiza nani.

Jibu la swali hilo lilionekana wazi Cambridge mwaka 2011. Katika wodi ya watoto wachanga ya Rosie Hospital, watoto 12 walikutwa na MRSA ndani ya miezi sita. Timu ya wanasayansi Sharon Peacock na Julian Parkhill ilisoma vinasaba vyote vya bakteria hao na kuthibitisha kuwa huo ulikuwa mlipuko mmoja. Wodi ikasafishwa. Siku 64 baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, mtoto mwingine akakutwa na bakteria wale wale. Wafanyakazi 154 wakapimwa. Mmoja alikuwa amewabeba, akatibiwa.

Mwaka 2017, watafiti walisoma vinasaba vya sampuli za zamani zilizokaushwa na kuhifadhiwa Colindale. Wakagundua kuwa usugu dhidi ya methisilini ulizuka katikati ya miaka ya 1940, kabla methisilini haijatengenezwa. Matumizi makubwa ya penisilini ndiyo yaliyoupa nafasi.

Sampuli hizo zingetupwa, tusingeujua ukweli huu. Hospitali yoyote inaweza kuanzia hapo: itunze sampuli, iandike tarehe na wodi. Na ikimkuta mfanyakazi amebeba bakteria, imtibu bila kumnyooshea kidole. Anayeogopa kufukuzwa kazi hatajitokeza kupimwa, na atakayeumia ni mgonjwa.